Kengele ya gesi ya mkaa: ni lazima kisheria au ni mambo ya Ulaya tu?

Jirani yangu hapa Magomeni, Mtwara mjini, alipata mgeni mwezi uliopita, mtoto wa dada yake ambaye ni nesi Uingereza, na kwenye begi la zawadi pamoja na chokoleti na mashuka kulikuwa na kidude kimoja cheupe cha plastiki, kidogo tu, kinaenea kiganjani. Kijana akakibandika ukutani sebuleni akasema "mjomba, hiki naomba msikitoe", akaondoka zake kwenda Mikindani kusalimia rafiki zake. Jioni mvua ikapiga. Mama wa pale ndani akalitoa jiko la mkaa kibarazani akaliingiza sebuleni aivishe maharage yake, na haikufika hata robo saa kidude kikaanza pi pi pi pi, kinanyamaza kidogo, pi pi pi pi tena. Watoto wanacheka, mzee akasema hiki kimeharibikia kwenye ndege, akatoa betri, maharage yakaendelea.

Mgeni aliporudi usiku aligomba mpaka sisi wa ukuta wa pili tukasikia. Akasema kule anakoishi kitu hicho ni lazima kisheria na mwenye nyumba asiyekiweka anapigwa faini.

Sasa si unajua mji wetu, asubuhi yake kwenye kahawa habari ilishakuwa nyingine kabisa. Mmoja anasema serikali imetoa amri kila nyumba iweke kengele ya gesi. Wa pili anasema hiyo ni ya wenye mitungi tu. Wa tatu akaingiza hewa ukaa, ile ya biashara ya kaboni inayotajwa kwenye taarifa ya habari. Na mwingine, mtu mzima kabisa, akasema mkaa umeshapigwa marufuku kwa hiyo hizo kengele ni za kutukamata. Watu wanne wanabishana na kila mmoja anaongelea kitu chake. Nikaona nikae niandike, maana hili suala nilishawahi kulifuatilia baada ya kupoteza vifaranga vyangu, nitafika huko.

Nianze na jibu ili mwenye haraka aende zake: hapana, Tanzania hakuna sheria inayomlazimisha mwenye nyumba au mpangaji kuweka kengele ya aina hii, inayonusa gesi ya sumu ya jiko la mkaa, nyumbani kwake. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo kwa sheria ya mwaka 2007, wanakagua majengo na kutoa vyeti, lakini kidude cha jirani yangu hakimo kwenye mambo ambayo mtu atakuja kukudai sebuleni kwako. Na hilo la mkaa kupigwa marufuku nalo limepindishwa. Katazo lilizihusu taasisi, shule, magereza na wengine wanaopikia watu wengi: wanaolisha zaidi ya watu 100 walipewa mpaka 31 Januari 2024 waache kuni na mkaa, na wanaolisha zaidi ya 300 wakapewa mpaka 31 Januari 2025. Sisi wa majumbani tupo kwenye ule mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania, na lengo sio katazo. Mama yako akiwasha jiko leo hajavunja sheria yoyote.

Ila jibu la "hapana sio lazima" peke yake ni jibu bovu, kwa sababu kile kidude hakikuwa kimeharibika. Kilikuwa sahihi kabisa, na ukielewa kilichokuwa kinapigia kelele utaelewa pia kwa nini sheria ya Uingereza hata ungeibeba nzima nzima ukaileta Mtwara isingemsaidia jirani yangu.

Tutenganishe kwanza hizi gesi maana ndo zinazochanganya watu. Sisi kusini tumeishi na neno gesi muda mrefu, Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay 1982, bomba likaenda Dar 2015 na maneno yake mnayakumbuka, basi ukimwambia mtu wa hapa "gesi" kichwa kinakimbilia huko. Hiyo ni gesi asilia, kwa sehemu kubwa ni methani, na kuna nyumba hapa mjini zimeunganishwa wanapikia. Ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda juu. Ya mtungi ni nyingine, ni propani na butani, nzito kuliko hewa, ikivuja inajikusanya chini sakafuni kama maji. Zote mbili kwa asili hazina harufu, ule uvundo unaousikia umewekwa makusudi kiwandani ili ikivuja ujue. Hatari yake kubwa ni kulipuka. Alafu kuna hewa ukaa, kabonidayoksaidi, hii ndo unayoitoa wewe mwenyewe ukipumua na ndo inayofanya soda itoe povu, na ndo ya kwenye mikataba ya misitu.

Ya nne ndo mada yetu. Inaitwa kabonimonoksaidi, mimi ntaiita monoksaidi kwa kifupi. Haitoki kwenye bomba wala mtungi ikiwa vile. Inazaliwa na moto. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho wala haikukohozi. Uzito wake unakaribiana sana na hewa ya kawaida kwa hiyo haipandi wala haishuki, inajichanganya na chumba kizima, juu na chini, kama chumvi ilivyoyeyuka kwenye mchuzi.

Inazaliwaje? Moto unakula hewa kama sisi. Ukishiba, kaboni ya kwenye mkaa inaungana na oksijeni ya kutosha na unapata hewa ukaa, ambayo sio mbaya sana. Ukiwa na njaa, oksijeni haitoshi, unapata monoksaidi. Na jiko la mkaa lina ujanja wake mbaya hapo: hewa inaingia kwa chini pale kwenye kidirisha cha majivu, inaunguza mkaa wa chini, inakuwa hewa ukaa, alafu hiyo hewa ukaa inapanda kupitia mkaa mwekundu wa katikati ambako oksijeni imeshaisha na huko inageuzwa kuwa monoksaidi. Ushahidi umeshauona mara elfu. Ule ulimi wa bluu unaochezacheza juu ya mkaa ukiwa umekolea vizuri, ile ndo monoksaidi yenyewe inaungua inapokutana na hewa ya juu. Ile inayoungua ni afadhali, imeisha. Ile isiyoungua ndo inabaki chumbani na wewe.

Kwa hiyo kile tunachoambiana tangu utotoni, kwamba mkaa ukishaiva na moshi ukaisha unaweza kuingiza ndani, ni kinyume chake. Moshi ulikuwa unakusaidia, ulikuwa unakufukuza. Mkaa mwekundu usio na moshi unakukaribisha ukae.

Sasa mwilini. Fikiria kile kivuko chetu cha Msangamkuu. Damu yako ni kivuko, oksijeni ni abiria, inapanda kwenye mapafu inashuka kwenye ubongo, kwenye moyo, kwenye misuli, kivuko kinarudi kitupu kuchukua wengine. Monoksaidi ni abiria anayepanda alafu hashuki. Anakwenda Msangamkuu anarudi, anakwenda anarudi, amekalia siti. Na kwenye kugombea siti ana nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, yaani wachache tu wakiingia wanaziba kivuko. Kivuko kinaendelea kutembea vizuri, moyo unadunda, unapumua, na bado upande wa pili watu wanasubiri mzigo haufiki. Ndo maana mtu anakufa bila kukabwa, bila kujirusha, bila kupiga kelele. Anachoka tu anasinzia.

Kabla ya hapo kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, miguu haina nguvu, akili inakuwa nzito. Hapa kusini ukimwambia mtu dalili hizo anakwambia malaria. Tofauti ni kwamba hii haileti homa, mwili haupandi joto, inawapata watu wawili watatu wa chumba kimoja kwa pamoja, na ukitoka nje ukakaa unaanza kupata nafuu alafu ukirudi ndani kinaanza upya. Mtu akienda kupima mrdt, kile kipimo cha haraka cha malaria, inatoka hasi anaambiwa apumzike, anarudi kupumzika kwenye chumba kilekile.

Kiasi gani ni kingi? Wataalamu wanahesabu kwa sehemu kwenye milioni, neno linaloogopesha bure. Chukua mfuko wa mchele wa kilo 25, ndani mna punje kama milioni moja hivi. Hewa yenye monoksaidi 50 kwenye milioni ni kama mfuko huo ukichanganywa na punje 50 za sumu. Punje 400 haziwezi hata kujaza kijiko cha chakula, lakini hewa yenye 400 inakuumiza kichwa ndani ya saa moja au mbili na ukikaa zaidi ya saa tatu maisha yako hatarini. Kijiko kwenye mfuko mzima wa mchele!

Na hapo ndo kengele inapoingia, kwa sababu pua haiwezi kuhesabu punje 50. Ndani ya kile kidude kuna kisensa kidogo chenye kemikali, monoksaidi ikigusa inazalisha umeme kidogo sana, gesi ikizidi umeme unazidi, kidude kinapima. Lakini hakipigi kelele hapohapo kama mbwa. Kinaangalia na muda, kwa sababu gesi kidogo kwa muda mrefu ni sawa na nyingi kwa muda mfupi. Kwa viwango vya Ulaya, kikisoma 50 kinalia kati ya dakika 60 na 90, kikisoma 100 kati ya dakika 10 na 40, kikisoma 300 kinatakiwa kilie ndani ya dakika 3. Vya Marekani vina namba zinazotofautiana kidogo ila mantiki ni hiyohiyo.

Rudi kwa jirani. Kililia kabla ya robo saa. Kwa 50 kisingelia kabla ya saa nzima, kwa hiyo sebule ile ilishafika kwenye 100 au imepita, na watoto wanne wamekaa chini wanaangalia katuni. Nilipompigia mzee hesabu hiyo alinyamaza, alafu akaniuliza mbona miaka yote tunapika ndani hatufi. Swali zuri bwana, na jibu lake liko kwenye nyumba.

Nyumba ya bibi yangu kule Newala ilikuwa ya miti na udongo, paa la nyasi, kati ya ukuta na paa kuna uwazi unapitisha mkono, popo wanaingia na kutoka wanavyotaka. Mle unaweza kuwasha moto usiku mzima, utatoka macho mekundu unanuka moshi lakini hewa inapita. Sasa hivi angalia tunavyojenga pesa ya korosho ikitoka, bati mpaka kwenye ukuta, dari la jipsamu, madirisha ya alminiamu ya kuteleza na vioo, pazia zito, mlango wa mninga unaogusa sakafu, na chini ya mlango tunaweka kitambaa mbu wasiingie. Nyumba nzuri, nami naitaka, lakini ni chupa. Na ndani ya chupa tunaingiza jiko lilelile la bibi. Nyumba imebadilika, moto haujabadilika. Alafu mwezi wa sita na wa saba upepo wa uwanda wa Makonde ukianza, Newala na Tandahimba kule baridi inauma kweli, mtu anafunga kila kitu na jiko anasogeza karibu na kitanda.

Sasa sheria za wenzetu. Uingereza sio nchi nzima sheria moja. Pale England kanuni zilianza 2015, zikapanuliwa kuanzia 1 Oktoba 2022: mwenye nyumba anayepangisha lazima aweke kengele ya monoksaidi kwenye kila chumba cha kukaa chenye kifaa cha kudumu kinachochoma kitu, kama boila ya gesi (mtambo wa kuchemsha maji ya nyumba) au jiko la kuni la kupashia nyumba joto. Majiko ya gesi ya kupikia yameachwa nje. Na mtu anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe hizo kanuni za upangishaji hazimgusi. Skotlandi wao wameenda mbali zaidi, tangu Februari 2022 ni kila nyumba yenye kifaa cha namna hiyo, upangishe usipangishe. Marekani hakuna sheria moja ya nchi kwa nyumba zote, kila jimbo lina yake. Massachusetts waliitunga 2005 baada ya binti wa miaka 7 kufa nyumbani kwao mwezi Januari mwaka huo, theluji ilikuwa imeziba tundu la kutolea hewa ya mtambo wa kupasha joto, na sheria ikaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mgeni wetu alisema kweli, lakini kweli yake ni ya wapangaji wa England, haikuwa ya Ulaya nzima, wala amri ya serikali yetu kama ilivyofika kwenye kahawa. Ufaransa kwa mfano kilicholazimishwa kila nyumba tangu 2015 ni kengele ya moshi, ambayo ni kitu kingine.

Umeona lakini hilo neno "kifaa cha kudumu"? Sheria ile imeandikwa na watu ambao moto wao umefungwa ukutani na una bomba la kutolea moshi. Inalinda dhidi ya bomba kuziba. Jiko la mkaa halina bomba, linabebwa na mpini, mchana liko uani, jioni liko kibarazani, mvua ikinyesha liko sebuleni. Ukiichukua sheria ya England ukaipiga muhuri wa Mtwara, sebule ya jirani yangu isingeguswa hata kidogo. Ndo maana mimi sioni ajabu kwamba hatuna sheria ya kengele, na sidhani kama ndo kitu cha kwanza cha kukidai. Wao kengele ni ulinzi wa pili, wa kwanza ni fundi anayekagua boila na bomba. Sisi ulinzi wa kwanza ni jiko kubaki nje, na huo haununuliwi kwa paundi.

Nataka nikae kidogo kwenye sehemu ambazo kwetu huku hii kitu inauma, maana watu wakisikia mkaa wanafikiria jikoni tu.

Chumba cha mzazi. Wote tunajua, mama amejifungua, yuko ndani arobaini, anakandwa, na jiko la mkaa linawekwa chumbani au chini ya kitanda apate joto, madirisha yamefungwa upepo usimpige. Nia ni nzuri kabisa na mimi sina ugomvi na mabibi. Lakini kwenye kile chumba kuna kichanga kinachopumua harakaharaka na mama aliyepoteza damu, na wote hawatoki siku nzima. Mimba nayo hivohivo, monoksaidi inapita kwa mama inafika kwa mtoto na kwa mtoto inachelewa zaidi kutoka. Joto linaweza kupatikana kwa blanketi, kwa maji ya moto kwenye chupa, au jiko likapasha maji huko nje yakaletwa ndani. Nilimwambia hivyo bi mkubwa mmoja wa Chikongola akanijibu "mwanangu, sisi mbona mlikua", nikamwambia bibi, mlitulea kwenye nyumba za nyasi.

Vifaranga. Hapa nazungumza kwa machungu. Nilileta vifaranga 100, nikaambiwa joto joto joto, nikaweka majiko mawili kwenye chumba nilichozungushia turubai, usiku nikaziba na pembe zote. Asubuhi zaidi ya nusu wamelala. Nikasema kideri, jirani akasema jicho la mtu. Mtaalamu wa mifugo alipofika hakugusa hata kifaranga, aliangalia turubai akaniuliza "hewa inatokea wapi?" Mimi mwenyewe nilikuwa nimeingia mle saa tisa usiku kuongeza mkaa, nikatoka na kichwa kinagonga, nikanywa panado nikalala. Ningekaa kidogo tu ningelala na vifaranga.

Jenereta. Historia ya umeme wetu huku kusini hamhitaji kusimuliwa, kila duka lenye friji lina jenereta lake, na kwa kuogopa wezi watu wanaliwasha koridoni au stoo wanafunga mlango. Lile la petroli linatoa monoksaidi kuliko jiko lako mara nyingi, watu wa usalama wa bidhaa Marekani wanasema moja linaweza kutoa kama magari mamia, na wanashauri likae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi limegeuzwa kuangalia nje. Kufungua mlango haitoshi. Mlinzi kwenye kibanda cha bati na jiko miguuni, hivohivo. Gari linalonguruma ndani ya gereji, hivohivo.

Kuna dawa za mtaani nazo tuzimalize. Beseni la maji chumbani halinyonyi hii gesi, monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Kitunguu kilichokatwa nacho ni kitunguu tu. Apu ya simu haiwezi kuipima, simu haina hicho kisensa, usidanganyike. Dirisha kuachwa upenyo wa vidole viwili ni afadhali kuliko kufunga lakini jiko lililokolea linazalisha kuliko upenyo unavyotoa. Na maziwa! Mtu kaokotwa hoi chumbani wanakimbilia maziwa, kama kanywa sumu ya panya. Monoksaidi haijapita tumboni, imepita mapafuni, na mtu asiyejitambua ukimmiminia maziwa unamkaba.

Kinachotakiwa ni kumtoa nje kwanza, lakini ukiingia kumtoa fungua milango na ushike pumzi, kaa muda mfupi, maana waokoaji wanaangukia hapohapo. Zimamoto ni 114, bure. Alafu hospitali yenye oksijeni, Ligula, Mitengo, Ndanda, Sokoine pale Lindi, iliyo karibu, hata kama ameshaamka anaongea. Kwenye hewa ya kawaida wale abiria wagumu nusu yao wanachukua kama saa 4 mpaka 5 kushuka, kwenye oksijeni ya barakoa ni kama saa moja na kitu. Na ukifika mwambie daktari kwa mdomo wako kwamba "tulikuwa na jiko la mkaa ndani", ni sentensi muhimu kuliko zote, kwa sababu kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidole hakiwezi kutofautisha siti iliyokaliwa na oksijeni na iliyokaliwa na monoksaidi. Kitasoma 98 vizuri kabisa kwa mtu anayekufa.

Turudi kwenye kununua. Kwa wengi wetu mimi nasema anza na jiko nje, pesa ya kengele nunua bati la kujengea kibanda cha jikoni uani. Ila kama una gesi ya bomba au mtungi unapikia ndani, kama una jenereta, kama una gesti au nyumba ya wageni, au unalea kuku na kulala nyumba hiyohiyo, kengele ni kitu cha maana sana. Moto wa gesi ukiwa bluu uko salama zaidi, ukiona wa njano na sufuria zinaanza kushika masizi kwa chini, ujue haushibi hewa, ita fundi.

Na ukienda dukani jua unachoomba, maana muuzaji akisikia "kengele ya gesi" anaweza kukupa yoyote kati ya tatu. Ya moshi haioni monoksaidi. Ya kuvuja kwa gesi nayo haioni monoksaidi, na hiyo inawekwa chini karibu na sakafu kama unatumia mtungi, juu karibu na dari kama ni gesi asilia, ukikosea imekaa bure. Ya monoksaidi inakaa usawa wa kichwa cha mtu, na kama ni moja tu iweke kule mnakolala. Tafuta maandishi EN 50291 (kiwango cha Ulaya) au UL 2034 (cha Marekani), na angalia tarehe ya mwisho, kisensa kinachoka, nyingi ni miaka 5 mpaka 10 basi, kwa hiyo ya mtumba ya kuokota kwenye kontena unaweza kuwa unanunua plastiki. Usiiweke juu ya mvuke wa sufuria. Milio minne alafu kimya alafu minne kwa nyingi ni hatari, toka nje. Mlio mmoja mmoja kila baada ya kama dakika ni betri inaomba kubadilishwa. Kile kitufe cha kujaribia kinakuonyesha betri na spika viko hai, hakikwambii kama kisensa bado kinanusa.

Jirani kwa sasa ameturudishia amani. Mgeni kabla hajaondoka alirudisha betri, kidude kikahamia chumba cha watoto, na mama amepata paa la bati nje ya mlango wa uani, mvua inyeshe isinyeshe jiko liko pale. Juzi mzee ananiita dirishani, ananionyesha kidude kwa kidole, anasema "si nilikwambia hiki kimeharibika, wiki ya pili sasa hakijalia hata mara moja".

Nikaingia nikambonyezea kitufe.